Mraba Chini ya Ndege

Mke wangu alikufa kwa kukosa pumzi. Aliyemkatia pumzi hiyo aliendelea kuja kazini kila asubuhi saa mbili na nusu, ameoga, ananukia, kioo chake cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, wala sijanywa kitu. Wakubwa wana watu wa kuwaandikia. Sisi wengine inabidi tujiandikie, hata kama mkono ni mzito.

Kazi yangu ni kung'arisha na kutengeneza vyombo vya fedha. Nasema fedha ile ya madini, ya mabirika na vijiko na sahani ambazo watu huachiwa na bibi zao kisha wanazigombania. Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili katika nyumba moja ya mnada. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilikaa chumba cha nyuma, mimi na mashine yangu ya kusugulia na ule unga mwekundu unaoganda kwenye kucha, hadi mke wangu akawa ananitania kwamba napaka rangi kucha kuliko yeye. Yeye alikuwa chumba cha kati, mwoshaji. Kila chombo kilichoingia kilipita kwake kwanza, kikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikafutwa, ndipo kikaja kwangu. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alikuwa mlinzi wa mlango wa mbele. Ilikuwa kama tumehamishia ukoo pale.

Chumba cha mbele, chenye zulia, alikaa mkuu. Sisi tulimwita Jicho, kwa ajili ya kile kioo. Yeye ndiye aliyesoma chapa.

Geuza chombo cha zamani cha fedha, chini yake utakuta chapa ndogo zimegongwa kwa nyundo, kila moja haizidi punje ya mchele. Moja inasema fedha hii ni safi kwa kiwango kinachotakiwa, sehemu mia tisa ishirini na tano katika elfu, na iliyobaki ni shaba ya kuipa nguvu. Nyingine inasema ilipimwa mji gani. Nyingine ni herufi ya mwaka. Na ya mwisho, inayowatoa watu udenda, ni chapa ya fundi mwenyewe aliyekitengeneza. Mabirika mawili yanaweza kufanana kama mapacha. Lenye chapa ya fundi asiyejulikana watu watalimiminia chai. Lenye chapa ya fundi mkubwa litawekewa kioo na taa na mlinzi.

Letu liliwekewa kioo na taa na shemeji.

Liliitwa Birika la Ndege, maana chapa ya fundi wake ilikuwa ndege mdogo mwenye kijiti mdomoni, ndani ya ngao. Fundi huyo alikufa zamani sana, na kazi zake zilizobaki, walisema, zinahesabika kwa vidole. Jicho ndiye aliyelitambua. Lililetwa limeviringishwa kwenye gazeti pamoja na takataka nyingine za marehemu fulani. Yeye akaweka kioo jichoni, kisha akaomba kiti. Tangu siku hiyo jina lake likapaa. Aliandika hata kitabu chembamba kuhusu birika hilo, picha yake ukurasa wa kwanza, picha ya birika ukurasa wa pili.

Mke wangu alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kufuta chombo alikihemea, mdomo wazi, kama mtu anayesafisha miwani. Ule ukungu wa pumzi ukitua juu ya fedha huonyesha yaliyofichwa: jina lililofutwa, tundu lililozibwa, mahali palipolehemiwa. Madini ya kulehemia si sawasawa na fedha yenyewe, kwa hiyo ukungu hukaa juu yake kwa namna nyingine. Unaona mstari. Kisha ukungu unakauka na mstari unakwenda zake. Hakufundishwa na mtu. Aligundua kwa kuosha tu.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana akaniambia Birika la Ndege lina mraba. Akilihemea chini, unatokea mraba kuzunguka chapa zote nne, kama stempu kwenye bahasha. Nilielewa papo hapo. Mtu alikata kipande chenye chapa kutoka kwenye kisahani kibovu cha yule fundi wa ndege, akatoboa birika la fundi mwingine asiye na jina, akakipachika kipande pale na kukilehemu kwa ustadi. Chapa ni za kweli. Birika ni la uongo. Jicho alikuwa amezisoma chapa vizuri sana, ila hakujiuliza zimefikaje pale.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilimwambia akamweleze mkuu. Nilidhani msomi akionyeshwa kosa lake anashukuru, si ndiyo maana alisoma? Mke wangu akasita, akasema basi twende wote. Nikamwambia aende yeye, macho yalikuwa yake, sifa nazo ziwe zake.

Alikwenda. Alirudi akasema mkuu amemsikiliza kwa upole, amemshukuru, amemwomba jambo lisitoke nje. Kesho yake akapewa barua ya kuhamia chumba cha dawa.

Chumba cha dawa kilikuwa nyuma ya karakana yangu, upana wake kitanda kimoja na mtu wa kusimama. Humo vyombo vilivyokuwa vyeusi kupita kiasi vilichovywa kwenye ndoo za dawa, na dawa hiyo ilinuka mayai yaliyooza na kukaba koo. Kulikuwa na dirisha moja, limepigiliwa misumari mitano kwa amri ya Jicho ili vijiko visipitishwe nje. Zamani waliofanya kazi humo walipokezana wiki kwa wiki. Yeye aliachwa peke yake. Aliomba barakoa yenye kichujio, akajibiwa bajeti. Aliomba dirisha lifunguliwe, akajibiwa usalama. Wakubwa hawakosi neno moja la kukufungia mdomo.

Wiki ileile Birika la Ndege likaletwa mezani kwangu na karatasi ya kazi. Iliandikwa, "Limechujuka. Lipe ngozi mpya," na chini sahihi ya Jicho. Kulipa chombo ngozi mpya ni kukichovya kwenye beseni lenye umeme, fedha safi ikatanda juu yake, nyembamba kama utando wa kitunguu, ikafunika kila mchubuko na kila mshono. Mtu ataniuliza kama sikuunganisha mambo. Niliyaunganisha. Niliyaunganisha na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hofu ya kufukuzwa, nikajiambia mkuu ana sababu zake. Nikalichovya. Karatasi nikaichoma kwenye msumari ukutani pamoja na nyingine zote, maana mtu asiyesoma vizuri hatupi karatasi yoyote. Jicho akaja, akaligeuza birika, akanipiga bega na kusema nina mkono wa dhahabu. Nyumbani nilimsimulia mke wangu hiyo sifa. Sikumwambia ilikuwa ya chombo gani.

Alidumu mle ndani miaka miwili na miezi mitatu. Daktari alisema ni mapafu, akaandika jina refu. Wiki ya mwisho hospitalini, sauti ikiwa imeshakwisha, alinishika mkono, akachora mraba kwenye kiganja changu kwa ukucha wa kidole gumba. Ndipo nikamwambia nililolifanya. Nilisema lote. Hakunitukana. Alichora tena, polepole zaidi, akagusa kona moja ya ule mraba, kisha akaonyesha unene wa ukucha wake, na midomo yake ikatamka "mguu". Nilimwelewa. Kona moja iko chini ya mguu wa ndege, umbali wa unene wa ukucha.

Jicho alikuja mazishini na shada kubwa kuliko la familia. Akaomba kusema maneno mawili. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi na mcheshi, ingawa kazini walikuwa wakimtania kwamba ana pumzi fupi na mdomo mrefu. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumpa mkubwa heshima yake. Mimi nilikuwa nikitazama shingo yake, pale inapopita kamba ya kioo.

Jumatatu nilirudi kazini. Alhamisi, siku ya kung'arisha Birika la Ndege kama ilivyokuwa kila wiki, nililigeuza na kulihemea chini. Hakuna kitu. Ukungu ulitua laini, sawasawa, kama juu ya yai. Ngozi yangu mwenyewe ilikuwa imemziba mke wangu mdomo, na nilikuwa nimeifanya vizuri.

Basi nikaamua kuitoa, kwa kazi ileile waliyonipa.

Kusugua kunakula fedha. Kila fundi anajua, na kila fundi anaogopa, ndiyo maana tunafundishwa kupita mbali na chapa. Mimi nikaanza kupita karibu. Sikutumia mashine. Nilichukua kijiti cha kiberiti, nikakiviringishia pamba, nikachovya kwenye ule unga mwekundu, nikasugua mstari mmoja mwembamba kuanzia pale chini ya mguu wa ndege, kila Alhamisi, robo saa. Zaidi ya robo saa wangeuliza. Tatizo lilikuwa hili: nikisugua kidogo, ngozi inabaki na Jicho anabaki. Nikisugua sana au nikikosea njia, chapa yenyewe inafutika, na birika lisilo na chapa halimshitaki mtu. Angesema fundi mzembe ameharibu kitu cha thamani, na hapo angekuwa amepata hata wa kumtwisha lawama.

Shemeji yangu alisimama mlango wa sebule ya maonyesho, birika lilikowekwa na nilikoling'arishia, akinitazama wiki baada ya wiki. Mwishowe akasema, "Shemeji, hilo birika unalipapasa kuliko ulivyompapasa dada yangu."

"Dada yako ndiye aliyenituma," nikamjibu.

Alinicheka, kisha akaona sura yangu, akaacha. Nilimweleza yote pale pale, mikono ikiendelea. Yeye ana damu ya moto. Alitaka tulipasue kwa nyundo, au twende kwenye magazeti. Nikamuuliza tutasema nini huko, kwamba mwoshaji aliyekufa alimwambia mng'arishaji aliyeishia darasa la nne? Akanuna siku mbili. Siku ya tatu alianza kukohoa kila Jicho alipokaribia sebule, ili nijue.

Mwezi wa tano wa kusugua nilishtuka. Kijiti mdomoni mwa ndege kilikuwa kimefifia. Nilikuwa nimepanda juu mno, pamba ilikuwa nene. Nililala na homa siku mbili, kweli kabisa, homa ya mtu mzima. Niliacha wiki nne nzima, nikifuta vumbi tu. Kisha nikanoa kijiti kikawa kama sindano, nikaanza tena upande wa chini. Mkono ulipotaka kuharakisha niliukumbusha kwamba mke wangu hakuharakishwa. Miaka miwili na miezi mitatu walimpa. Mimi nilikuwa na muda.

Mstari wa kwanza ulitokea asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja tangu nianze. Nilihema, na ukaja, mwembamba kama unywele, urefu wa nusu kucha. Ukaondoka. Nikahema tena ili niuone tena. Nilikaa pale nikihema kama mpumbavu hadi shemeji akakohoa.

Mwezi wa kumi na nne zilikuwa zimefunguka pande tatu na kipande cha nne. Hapo ndipo ikatangazwa kwamba Birika la Ndege litauzwa, mnunuzi yuko ng'ambo, na Jicho anatazamiwa kuwa mwenyekiti wa baraza la wapimaji wote. Likipanda ndege, mraba ungeondoka nalo, na yeye angebaki na kiti. Kabla ya kuuzwa ilibidi mpimaji wa nje alithibitishe. Walimleta mwanamke mmoja mzee, viatu bapa, mkoba wa kitambaa. Kioo chake alikitoa ndani ya soksi ya mtoto. Nilimpenda kwa hiyo soksi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, sebuleni, mezani kitambaa cheusi. Wamiliki wawili wa nyumba ya mnada walikaa wameweka mguu juu ya mguu. Mimi niliitwa nibebe birika kutoka kwenye kabati, na glavu nyeupe, kisha nisimame ukutani. Shemeji mlangoni.

Jicho alisoma chapa kwa sauti, kama anayesoma mashairi yake mwenyewe. Usafi, mji, mwaka, ndege. Mzee wa kike akazisoma pia, akasema ni za kweli. Wamiliki wakatabasamu. Akaligeuza upande, akatazama mpini, akatazama mdomo, akasema bega la birika hili linamsumbua, fundi wa ndege hakuwa akikunja bega namna hii. Jicho akacheka, akasema fundi naye ni binadamu, kuna siku aliamka vibaya. Mzee akauliza kama kuna mtu mwingine wa kusema chochote juu ya chombo hiki. Aliuliza kwa desturi tu, kalamu tayari mkononi.

Mimi nikasema ndiyo.

Jicho hakugeuka hata. Aliwaambia wageni kwamba huyu ni mng'arishaji wetu, amefiwa, tumvumilie. Nikamwambia yule mzee, shikamoo mama, naomba mtu alihemee chini. Alinitazama. Watu wa kazi moja hutambuana haraka. Hakuuliza kwa nini. Alivuta birika kwake, akainama.

"Si wewe, mama," nikasema. "Namwomba mkuu mwenyewe. Ndiye mwenye pumzi ndefu."

Shemeji akafunga mlango taratibu na kuuegemea. Mzee akalisukuma birika mbele ya Jicho, akasema halina ubaya, ni kuhema tu. Wamiliki nao walimtazama, kwa hiyo angefanyaje. Akalishika. Akapuliza.

"Hiyo ni kupuliza chai, mkubwa," nikasema. "Fungua mdomo. Kama unasafisha miwani."

Nilitaka ajue ninajua. Alijua. Akafungua mdomo, akahema, na ukungu ukatua juu ya fedha, na mraba ukatoka. Pande tatu na kipande, na kona moja chini ya mguu wa ndege, umbali wa unene wa ukucha, kama alivyoniambia. Ukakaa kidogo. Ukaondoka.

Mmoja wa wamiliki akasema hakuona vizuri.

"Hema tena, mkubwa," nikasema.

Akahema. Mraba ukatoka. Mzee wa kike alikuwa ameshaweka kioo jichoni, akaomba tena, sasa kwa upande wa kushoto. Kisha kulia. Kisha mmiliki wa pili naye akataka aone kwa karibu. Nilihesabu mara saba. Mara ya saba pumzi ilikuwa imemwishia, anavuta hewa kwa mdomo kama samaki, uso umebadilika rangi, na hakuna mtu aliyemwambia apumzike. Chumba kile kilikuwa na madirisha manne, yote wazi.

Alipopata sauti alininyooshea kidole. Fundi huyu ndiye mlaghai, akasema, yeye ndiye amekata na kulehemu, amekaa na birika peke yake kila Alhamisi. Nilikuwa nimemngojea hapo. Mzee akasema mshono ule ni wa zamani, una uchafu wa miaka, ila umefunikwa kwa ngozi mpya, na hiyo si ya zamani hata kidogo. Akauliza ni nani aliyeichovya.

"Mimi," nikasema.

Nikatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na tundu la msumari katikati. Limechujuka, lipe ngozi mpya. Sahihi, na tarehe. Na karatasi ya pili, barua ya mke wangu ya kuhamishiwa chumba cha dawa, sahihi ileile. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na siku tatu. Nikawaeleza aliyeuona mraba kwanza ni nani, na alipelekwa wapi kwa kuuona. Sikupaza sauti. Mzee wa kike alivua kioo chake, akakirudisha kwenye soksi, akaandika sentensi moja ya kulikataa birika, akaipigia mstari chini yake. Baraza la wapimaji halikumpata mwenyekiti siku hiyo.

Jicho aliondoka saa saba mchana na mkoba wake wa ngozi. Pale mlangoni sisi sote tulipekuliwa kila jioni, miaka yote hiyo, hata mke wangu na kikapu chake cha nguo, isipokuwa Jicho. Shemeji alisimama mbele yake.

"Samahani mkuu," akasema. "Usalama."

Alitoa kitu kimoja kimoja mkobani, hadi leso, hadi kile kitabu chembamba. Mimi nilisimama kwenye korido nikitazama. Jicho akanitazama juu ya bega la shemeji, akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia bado. Nikamwambia mke wangu alihema hivyo mchana na usiku kwa wiki saba hospitalini, na yeye amehema mara saba tu, kwa hiyo ajihesabie mwenyewe anabakiza ngapi.

Wamiliki waliniandikia baadaye. Walinishukuru kwa uaminifu, kisha kwenye aya ya pili wakaniachisha kazi kwa kuharibu chombo kilichokuwa chini ya uangalizi wangu. Birika walikuwa wamelirudisha kwa waliolileta. Jicho, walisema, amestaafu kwa sababu za afya. Wakubwa hawaanguki, wanastaafu. Lakini hasomi chapa tena popote, na watu wa kazi hii wakimtaja wanafungua mdomo na kuhema, haaa, kisha wanacheka. Nimewasikia kwa masikio yangu.

Siku niliyokwenda kuchukua vifaa vyangu nilipitia chumba cha dawa na koleo mkononi. Niling'oa misumari yote mitano ya dirisha. Minne niliitupa. Wa tano nimeupigilia ukutani nyumbani, na barua yao nimeichoma hapo, pamoja na zile karatasi mbili za Jicho.